Mgongo wa Mkwe

Pikapu ilizama matopeni katikati ya msitu wa Kaptagat, na kadiri Wasike alivyokanyaga mafuta ndivyo magurudumu yalivyozidi kujichimbia. Mvua ilikuwa kubwa, simu haina mtandao. Kwenye kiti cha nyuma Mama Nekoye, aliyemzaa mke wake, alikuwa amepakata mtungi wa oksijeni. Moshi wa kuni wa miaka mingi ulikuwa umemharibia mapafu. Walikuwa wakienda Eldoret kutafuta mtungi mwingine, maana huo ulikuwa ukingoni.

Wasike alishuka akasimama mvuani, akaupa mlango mgongo. Kwa Wabukusu wenye adabu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgusa. Heshima ni heshima hata matopeni. Kwa hiyo akawa anamsikiliza tu: akikohoa, yuko hai.

Kikohozi kikanyamaza. Wasike akashukuru Mungu, akidhani mama amepata usingizi. Maskini, hakujua mtungi umekwisha.

"Mama, uko sawa?"

Akageuka. Midomo ya mama ilikuwa imegeuka buluu, mabega yanapanda na kushuka, hewa haiingii. Wasike aliogopa vibaya sana.

"Nisamehe, Mama. Nakubeba."

"Hiyo aibu..." mama akatafuta pumzi, "tutaongea nikipona."

Lami ilikuwa juu, mwisho wa mlima. Wasike alimbeba mgongoni, viatu vikanaswa na tope, akaviacha hapo hapo. Mama alipombonyeza bega, Wasike alipiga magoti ili amshushe.

"Usinilaze! Nikilala nakufa."

Basi akabaki amepiga magoti, naye mama akamwinamia, kifua juu ya mgongo wake, mikono mabegani. Kukaa hivyo kulimpa nafuu.

"Puliza pole pole, Mama, vile nesi alisema. Kama unapoza uji."

Mama akapuliza. Wasike aliisikia pumzi ile ya moto shingoni, nyembamba, yenye filimbi, na kila ilipokawia alilia bila haya. Kisha wakapanda tena, wakapumzika tena, mpaka lami. Gari la maziwa likawapeleka hospitalini.

Siku mama alipoanza kula, Wasike alileta uji. Aliuweka mezani, akarudi haraka mlangoni, akasimama akitazama nje kama desturi inavyotaka.

Mama Nekoye akapoza kijiko cha kwanza, akameza.

"Geuka, Wasike," akasema. "Mgongo nimeshaujua."