Namba Tano Ina Mwenyewe

Kadi ya sauti ilikohoa kabla spika hazijachomekwa.

Koleo, kama wateja walivyomwita fundi huyo wa kompyuta za zamani, aliinama akasikiliza. Kimya. Kadi hiyo ililetwa na mdogo wake, ambaye Koleo alimlea tangu mama yao afariki, na ambaye sasa alichangia naye karakana moja. Kadi ilikuwa imegoma kufanya kazi, na Koleo alijua sababu. Katika mashine hizo kila kadi ina namba yake ya kubishia hodi kwa prosesa. Mbili zikipewa namba moja, moja husikilizwa, nyingine huwa bubu. Namba tano ilikuwa ya kadi ya mtandao. Akahamisha kifuniko kidogo cha pini, kadi ya sauti ikawa kwenye saba.

Alipoifungua tena mashine, kifuniko kilikuwa kimerudi tano.

"Wewe, umegusa pini hizi?"

"Mimi? Hata bisibisi sijui iliko."

"Hilo si jipya."

Mdogo wake hakucheka. Harufu ya udi na nywele zilizoungua ilipanda kutoka kwenye feni.

"Kaka," alinong'ona, "iache hapo hapo tano."

"Tano ina mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Koleo akamtazama.

"Jini hili lilikuwa nyumbani kwangu, kaka. Lilikuwa likiwaita wanangu kwa sauti yangu. Mganga akasema litatoka likipewa nafasi yenye mtu, tupu halitaki. Nikakutaja wewe."

"Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Wanangu, kaka. Ningefanyaje?"

Koleo aliing'oa kadi kwa mikono miwili, akafumbua kinywa amlaani, pasitoke kitu; akaipiga meza ngumi, meza isilie; akatoka mbio mchana kweupe, akiwapungia majirani wasiogeuka, viatu vyake visisikike barabarani, mpaka akafika kwake, ambako vitunguu vilikuwa vikikaangwa na mkewe akicheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka mingi, akausukuma mlango uliokomewa kwa ndani, akausukuma tena kwa bega.

"Baba watoto," mkewe alisema, "mbona mlango unatikisika?"

"Upepo tu, mke wangu," ikajibu sauti ya Koleo. "Pakua tule."