Mpanda Farasi wa Karatasi ya Chumvi

Mwaka ule wa hamsini na nne, jua likizama, Wilhelmina wa kijiji cha Sapiwi alikwenda dukani kwa Faki kununua chumvi. Faki akachana ukurasa wa kitabu kikuukuu alichoachiwa na Mzungu aliyerudi kwao, akamfungia chumvi.

Ukurasani palikuwa na picha ya bwana mmoja juu ya farasi mweusi. Nyuma yake alifuata farasi wa pili, tandiko tupu.

"Ilichorwa kwanza juu ya jiwe, ndipo ikagandamizwa kwenye karatasi," Faki akamwambia. "Hadithi ya kale ya Ulaya, Mama Felisita. Bwana huyo alifiwa na bintiye, akawa anazunguka kuchukua wa wenzake."

"Ya kwao yabaki kwao," Wilhelmina akacheka.

Lakini picha aliipenda. Akaibandika kwa uji mzito wa mhogo, kama akina mama wote wa pale walivyobandika karatasi yoyote yenye picha. Akaiweka ukutani, juu ya kitanda cha Felisita, bintiye wa miaka saba, mtoto pekee aliyembakia.

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Mganga akaja na kuku wa ramli, akampasua kuku, akachungulia ndani, akafunga mkoba wake.

"Anayemwita simjui. Si wa kwetu." Akaondoka bila kuaga.

Jioni ile... vishindo.

Wilhelmina alikulia zizini, kwato za ng'ombe anazijua hata akiwa usingizini. Hizi hazikuwa za ng'ombe. Zilizunguka nyumba, taratibu... Kisha chumba kikanuka jasho la mnyama, na wino.

"Mayu," Felisita akamnong'oneza mama yake, "ananiambia nipande."

Wilhelmina akainua kibatari.

Farasi wa pili alikuwa na mtu.

Mtoto. Shingoni shanga nyeupe, zile zile alizomfungia Felisita asubuhi. Uso tu ndio haujachorwa.

Akaibandua karatasi. Ikatoka nyeupe pee! Picha ilibaki kwenye udongo wa ukuta, na uso ukaanza kuingia... jicho moja...

Msidhani hakuogopa. Lakini hasira ilizidi woga. Ebo! Azike mume, azike watoto wawili, halafu mtu wa kwenye karatasi ya chumvi aje ammalizie? Thubutu!

Akachukua mkaa jikoni. Akachora mwanamke mbele ya farasi, akamchora vibaya, kichwa kikubwa, jembe mkononi.

"Huyo ni mimi," akasema. "Ukimtaka mwanangu, nipitie mimi kwanza!"

Farasi akalia. Kama ni nje au ukutani, hakujua.

Vishindo vikakoma.

Felisita akaomba maji. Kulipokucha akaomba uji, akaumaliza wote. Ukutani tandiko lilikuwa tupu tena, na nje alama za kwato ziliizunguka nyumba, nyingine zimekanyaga hadi kizingitini.

Wilhelmina akaukandika ukuta kwa samadi mara mbili. Picha ikarudi mara mbili. Yule mwanamke wa mkaa keshakuwa wino kama wenzake, na kila jua likizama husogea kidogo karibu na lile tandiko.

Majirani wakamsihi ahame.

"Nihame kwangu, pamba yangu inataka palizi?" Akajitwika jembe begani. "Siku bwana yule akinipandisha, ajue amepandisha mtu mwenye jembe."