Mikono ya Mchunangozi

Mashuka yalitoka stoo yakinuka moshi.

Mkunga aliyafunua, akayanusa mara ya pili, kisha akamwita mhudumu wa wodi, mama mnene waliyembandika jina la Bi Kufuli kwa sababu funguo zote za kliniki zilining'inia kiunoni mwake.

"Mwenzangu, haya umeyaanika wapi? Jikoni kwako?"

"Nimeyaanika uani, kwenye jua la Mungu. Na pasi nimepiga mwenyewe."

"Basi nusa."

Bi Kufuli alinusa, akakunja uso. "Kuni mbichi," alisema polepole. Hakuna aliyewahi kuwasha kuni katika kliniki ile. Wakayafua tena mashuka, wakayarudisha stoo, na asubuhi yake yakatoka yakinuka vilevile.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kidogo mwisho wa korido ya wodi ya wazazi: rafu mbili za mbao, dirisha la nondo, taa moja. Mtu akisimama katikati na kunyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Hapakuwa na mahali pa moto kujificha.

Mchana huo, wakinywa chai, Bi Kufuli alimsimulia daktari. Daktari alikuwa kijana, mcheshi, hajawahi kuzika mtu wake.

"Labda ni moshi wa wazee wa zamani," alisema akicheka. "Wangenichukua tu! Mimi nikipelekwa zama za mababu nakuwa mfalme. Nawafundisha kunawa mikono, nawafundisha kuchemsha maji, basi. Wananibeba mabegani."

"Wewe?" Bi Kufuli alimtazama juu mpaka chini. "Juzi umeme umekatika, hata mlango umeshindwa kuuona, unaita 'mama, mama'. Wangekubeba, ndiyo. Kwenye jeneza."

Mkunga hakucheka. Alikizungusha kikombe mezani. "Mimi ningeenda," alisema. "Sihitaji hata kuwafundisha. Mwanamke anayetoka damu baada ya kujifungua unamwokoa kwa mikono tu. Unaukanda mfuko wa uzazi, unaushikilia kwa nguvu, unamweka mtoto kwenye titi. Mikono tu, daktari. Wangapi wamekufa kwa kukosa mtu wa kujua hilo?"

Wenzake walijua alikuwa akimsema nani.

Bintiye, mtoto wake wa pekee, alifia ukweni mvua zilizopita. Uchungu ulimshika ghafla, barabara imejaa maji, akajifungua salama juu ya mkeka, kisha damu ikaanza na haikukoma. Nesi mmoja jirani aliwahi kufika. Alivaa glovu, akapiga magoti, akaanza kumkanda tumbo kama inavyotakiwa. Hapo bibi wa mume akapiga kelele, "Mtoeni! Huyo ni Mchunangozi, anamkamua!" Wanawake wakamvuta nesi, wakamtupa nje, wakafukiza moshi chumbani. Mkunga alipofika, mtoto alikuwa akilia na binti alikuwa ameshafunikwa.

Mchunangozi alijulikana katika kila nyumba. Bibi kwa bibi walirithishana habari zake: jini la kike lenye mavazi meupe, linalokuja wakati mzazi amelala hoi. Lina ngozi mbili mikononi, na ile ya juu huichuna lenyewe. Hukalia tumbo la mzazi, likamkamua damu mpaka tone la mwisho. Mkunga alikuwa amepigana na hadithi hiyo maisha yake yote ya kazi. Aliwakuta wanawake watu wazima, wenye simu mkononi, wakikunja magoti na kulia asiwaguse tumbo. "Mwanangu, hizo ni hadithi za kutishia watoto," aliwaambia. Baada ya kumzika bintiye aliendelea kuwaambia, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wake wote waliichukua. Mzazi akiita, yeye hujibu kabla hata hajageuza kichwa: "Naja, mama, naja." Hakuuliza nani wala nini. Alisema mwanamke asiyejibiwa hukata tamaa, na akikata tamaa mwili nao unakata.

Kwa hiyo jioni ile ya mvua, wodi ikiwa tupu, Bi Kufuli amekwenda kuchota maji, Mkunga ameshavaa glovu zake za buluu ili apanguse kitanda, iliposikika sauti ya mwanamke ikiita kutoka mwisho wa korido, "Mkungaaa!", mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Naja, mama, naja."

Ndipo akakumbuka kwamba wodi haina mtu.

Mvua ilikuwa juu ya bati. Kisha sauti ikaita tena, dhaifu zaidi, na safari hii aliujua ule udhaifu, kwa sababu amewasikia wengi wakiita hivyo na anajua huwa umebaki muda gani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Moshi ulitoka chini yake ukitambaa sakafuni kama maji. Alisema, "Ee Mungu, nisimamie," akawasha tochi ya simu, akaiingiza simu kwenye mfuko wa kifuani, akausukuma mlango.

Rafu hazikuwepo. Alikanyaga udongo. Alinyoosha mikono na hakugusa ukuta, akapiga hatua, akapiga nyingine, na moshi ukamwingia machoni mpaka yakamtoka machozi, na katikati ya machozi hayo aliona moto wa kuni mbichi, na wanawake waliovaa ngozi na magome wamejibanza ukutani, na mbele yao, juu ya majani makavu, msichana aliyelala miguu wazi na kichanga kati ya miguu, na damu, damu nyingi, inaingia udongoni bila sauti.

Mkunga alimtazama usoni, akashika mdomo. Paji lile la uso na kidevu kile kilichochongoka vilikuwa vya bintiye.

Hakuuliza yuko wapi wala zama gani. Alipiga magoti, akaliweka tumbo la msichana chini ya kiganja, akaukuta mfuko wa uzazi umelegea kama unga uliozidi maji, akaanza kuukanda. "Nipeni mtoto," alisema. "Mwekeni kwenye titi. Haraka." Hakuna aliyesogea. Walikuwa wakiitazama nguo yake nyeupe na mwanga uliokuwa ukitoka kifuani mwake. Akamchukua mtoto mwenyewe kwa mkono mmoja, akamlaza kwa mama yake, akarudi kukanda, na chini ya vidole vyake ule mfuko ukaanza kukaza. Damu ilipungua. Msichana akafumbua macho.

"Vizuri, mwanangu," Mkunga alimnong'oneza. "Vizuri. Usilale. Nitazame mimi."

Na hapo ndipo ukuta wa nyuma ulipoanza kugongwa. Mtu alikuwa akiugonga kwa ngumi zote mbili, akipiga mayowe ambayo maneno yake hayakusikika, sauti ya kike, sauti ya mtu aliyepoteza akili, na wanawake wakaanza kulia, mmoja akamnyooshea Mkunga kidole, akaionyesha mikono yake ya buluu iliyojaa damu. Maneno yao aliyapata kama mtu anavyopata maongezi ya chumba cha pili.

"Ngozi gani hiyo? Ngozi gani hiyo, wewe?"

"Msiogope," alisema. "Mimi ni mtu kama nyinyi. Tazameni." Na ili wawe na amani, ili waone kwamba chini yake upo mkono wa kawaida, mkono wa mama, aliinua mkono wake wa kulia mbele ya moto, akaishika glovu kwenye kifundo, akaivuta polepole mpaka ikatoka yote.

Mwanamke mzee kuliko wote alipiga ukelele ambao Mkunga hatausahau.

"Anajichuna!"

Ndipo alipoelewa. Aliiangalia ile ngozi ya buluu ikining'inia mkononi mwake, akaangalia nguo yake nyeupe, akaangalia mahali alipokuwa amekaa na kiganja kilipokuwa kimegandamiza. Walimvuta kwa nywele, wakamburuta kutoka kwa msichana, na mara mkono wake ulipoondoka damu ikaanza upya.

"Niacheni nimshike!" alilia. "Anakufa! Mungu wangu, anakufa, niacheni!"

Aliingia mzee mwenye kigae cha makaa na majani yanayowasha. Alimpulizia moshi usoni. Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama waganga wanavyoyauliza majini siku zote.

"Wewe ni nani?"

"Mkunga."

"Umetoka wapi?"

Mkunga alikuwa mtu mcha Mungu, na maishani mwake hakuzoea uongo. "Nimetoka siku ambazo hazijafika."

"Kule mko wengi?"

"Tuko wengi. Tuko kila mji."

"Na kazi yenu?"

"Kuwashika wanawake wanaojifungua."

Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwaga majani yote juu ya makaa. Kitu cha mwisho Mkunga alichokiona ni macho ya msichana yakimtafuta katika moshi, kama alivyoambiwa amtazame.

Bi Kufuli alimkuta sakafuni mwa stoo, kati ya rafu, nguo yake nyeusi kwa moshi. Mkono wa kushoto ulikuwa na glovu ya buluu. Wa kulia ulikuwa mtupu.

"Jamani, ndugu yangu! Nyingine iko wapi?"

"Nimewaachia," alisema Mkunga, akaanza kulia. "Nimewaachia wao, na wao wamewasimulia watoto wao, na watoto wamewasimulia wajukuu, mpaka hadithi ikafika kwa bibi wa mkwe wangu. Bi Kufuli, hakuna jini. Ni mimi. Mwanangu amekufa kwa kuniogopa mimi."

Daktari alipoambiwa hakufanya mzaha. Alisema ni uchovu na msiba, akampa mapumziko. Bi Kufuli alifunga stoo kwa kufuli kubwa, akahamishia mashuka ofisini, na kwa kuombwa na Mkunga mwenyewe akaahidi kwamba ufunguo ule hatampa kamwe, hata akilia.

Mkunga alirudi kazini. Alisali zaidi, alizungumza kidogo. Wazazi walipoita, alikwenda bila kujibu.

Mvua ziliporudi, jioni moja Bi Kufuli akiwa ameshakwenda kwake na funguo zake, moshi ulianza kutambaa tena kwenye korido. "Mkungaaa!" Aliuma mdomo mpaka ukatoka damu. Hakujibu. Alishika ukuta, akamshukuru Mungu kwa kumpa nguvu ya kunyamaza.

Kisha ndani ya stoo, nyuma ya kufuli, sauti yake mwenyewe ikajibu.

"Naja, mama, naja."

Aliisikia ikipiga magoti. Aliisikia ikisema nipeni mtoto, mwekeni kwenye titi, aliisikia ikinong'ona vizuri, mwanangu, vizuri, na akajua kwamba wakati huo damu inapungua, kwamba msichana amefumbua macho, kwamba bado, bado glovu haijavuliwa, na kwamba neno moja tu likifika litamwokoa yule pale na kumwokoa bintiye na wote walio kati yao. Basi akakimbia, akaliangukia lile kufuli, akalivuta mpaka kucha zikang'oka, akaanza kuupiga mlango na ukuta kwa ngumi zote mbili, akipiga mayowe kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

"Usivue! Usivue glovu! Mwanamke, usivue!"

Ndani, wanawake wakaanza kulia kwa hofu. Mmoja akauliza, "Ngozi gani hiyo?"

Ngumi za Mkunga zikasimama hewani. Alikuwa amekumbuka zile kelele za ukutani zilizowatia wanawake hofu kabla hajavua.