Mteremko Hauna Mjomba

Kila jioni, mabasi ya familia yakirudi, Dada Mkubwa huyapitia moja moja. Hugonga tairi, hukagua taa, hunusa. Ndiyo, hunusa! Jioni hiyo pua yake ilikutana na harufu ya kitu kilichoungua.

"Mbona basi lako linanuka moto?" alimuuliza mdogo wake, dereva.

"Ni ule mteremko, dada. Leo breki zilikataa. Nikakanyaga, nikakanyaga! Zilishika tukiwa bondeni."

Wakati huo basi lilikuwa limejaa abiria. Dada Mkubwa akamwita fundi, jirani yao.

"Mnashukaje pale?" fundi aliuliza.

"Natoa gia, basi lishuke lenyewe. Ndivyo baba alivyotufundisha."

Kweli. Baba alianzisha kampuni kwa basi moja kuukuu, dizeli ikiwa ya shida. Alishuka bila gia ili abane matumizi. Madereva wakairithi desturi hiyo, wakaiita "gia ya mzee".

Fundi alitikisa kichwa. "Bila gia, uzito wote unabebwa na breki. Zikipata moto sana, hazishiki. Punguza mwendo kabla hujaanza kushuka, tia gia ndogo. Injini yenyewe italizuia basi. Mteremko hauna mjomba."

"Na dizeli?" dereva aliuliza.

"Ukishuka na gia bila kukanyaga mafuta, dizeli haiendi. Sasa mnabana nini? Pumzi za watu?"

Baba aliposikia aliwaka. "Mimi nifundishwe kushuka mlima?"

Dada Mkubwa alimpenda baba yake, tena alimwogopa. Lakini hakurudi nyuma. "Heshima yako iko palepale, baba. Ila basi halitoki mpaka breki zitengenezwe, na kila dereva ajue kushuka na gia."

Breki zilipokwisha kutengenezwa, baba alipanda basi ili atafute kosa. Dada Mkubwa aliketi kando yake. Juu ya mteremko, mdogo wake alipunguza mwendo, akatia gia ndogo. Injini ikanguruma, basi likashuka taratibu.

Baada ya kona, lori lilikuwa limeharibika, limeziba njia yote.

Dereva alikanyaga breki. Zikashika. Basi likasimama mbali na lori, na mtoto aliyelala nyuma yao hata hakuamka.

Baba akamshika binti yake mkono.

"Waambie madereva, gia ya mzee imekufa leo. Mzee mwenyewe bado anataka kuishi."