Kabari Kubwa

Chapaudongo ilikuwa mashine ya kujivunia. Huko Mirihi, ambako mionzi hula kumbukumbu za kompyuta kama mchwa, iliandika kila agizo la mji kwenye kigae cha udongo, kwa tarakimu zenye umbo la kabari za watu wa kale wa Mesopotamia. Kabari ndogo ilikuwa moja, kabari kubwa ilikuwa sitini. Mashine ya pili, kisomavigae, ilisoma na kutii.

Kisha Kamati ya Alama, watu wa viti laini na chai ya maziwa, ikazipa kabari zote mbili msimbo mmoja ndani ya kompyuta. Eti ukubwa ni urembo wa mwandiko tu! Injinia Rukia Shemdoe alipinga mpaka sauti ikamkauka.

"Injinia, tugombane kwa ajili ya mikwaruzo?" Mkurugenzi Tindwa, mkuu wa Kamati, alicheka.

"Mdharau mwiba mguu huota tende, Mkurugenzi."

Hawakumsikia. Mwezi uliofuata mgodi ukaporomoka. Wachimbaji sitini wakajifungia katika chumba cha usalama, na miongoni mwao alikuwamo Hozza, mdogo wake Rukia. Wakaomba hewa ya watu sitini. Chapaudongo ikapiga kabari, ndogo, kwa sababu kompyuta haikujua nyingine. Kisomavigae kikapeleka hewa ya mtu mmoja. Waokoaji walipofika, hakuna aliyekuwa hai.

Rukia aliingia ofisini kwa Tindwa bila kubisha hodi, akakibwaga kile kigae mezani.

"Pole sana, dada yangu," Tindwa alisema. "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Usimsingizie Mungu! Mungu hakukaa kwenye kamati yenu. Rekebisheni msimbo leo."

"Tutaunda tume. Kwanza tuwaenzi marehemu."

Wakawaenzi kweli. Uwanjani wakasimamisha kigae kirefu kuliko mlango, kilichochapwa na mashine ileile, kwa msimbo uleule. Tindwa akavuta pazia. Kisomavigae kikasoma kwa sauti ya upole, mji mzima ukisikia:

"Waliofariki mgodini: mtu mmoja."

Kabla Rukia hajafungua kinywa, mama yake alishasogea mbele ya mashine, akiburuta khanga yake ya msiba.

"Mwanangu," aliiuliza, "huyo mmoja ni Hozza wangu, au ni wa nani?"