Kidole Juu ya Chuma

Haya usiniulize mimi, muulize rafiki yangu Jignesh. Kwenye karakana moja hapa Cheyo, yeye hupaka vyuma vya nyonga bandia unga mweupe wa madini, ili mfupa wa mgonjwa uvishike. Kilichopakwa hakiguswi kwa mkono mtupu; kikiguswa kinatupwa.

Siku moja ameshavua glavu, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Akipapasa gizani, kidole chake cha kati kikagusa chuma kilichokwisha kupakwa, cha upasuaji wa kesho yake. Hakumwambia mtu, akakifungasha.

Baada ya miezi mitatu alipeleka mzigo hospitali. Bibi mmoja wa Ulyankulu, ambaye hajawahi kuonana naye, akamwita.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Nyonga imepona, mwanangu, ila kuna kidole kinaigonga kwa ndani. Ngo, ngo, ngo.”

Akaushika mkono wa Jignesh, akavipapasa vidole kimoja kimoja, akakibana cha kati.

“Hiki.”