Maua ya Pipa la Bati

Tabia aliyafunua majani ya mgomba, akautazama mtama wake. Ulikuwa umeota. Vimizizi vyeupe vimejaa tele.

"Huu umekubali," alisema peke yake, akauanika juani uwe kimea.

Ilikuwa mwaka wa 1955. Tabia alikaa Ng'ambo, katika nyumba ya makuti yenye uani mdogo. Wazee wake walitoka bara, Unyamwezi. Yeye alizaliwa hapa hapa Unguja. Tangu mumewe afariki, kazi yake ilikuwa kupika pombe ya mtama. Alifundishwa na mama yake, na alijivuna nayo kazi hiyo.

Wapishi wa kilabu cha pombe cha mtaani walikuwa watatu. Kila mmoja alikuwa na Jumamosi yake. Siku ya zamu ya mwenzako, huruhusiwi kuleta hata kibuyu kimoja. Zamu hiyo ndiyo iliyomlisha Tabia.

Zamani alichachishia pombe yake katika mtungi mkubwa wa udongo. Mtungi ule ukapasuka. Tabia akanunua pipa jipya la bati. Lilikuwa linang'aa. Ndani lilijaa maua ya fedha fedha, kama bati la paa lililopigwa jana. Bwana afya alikuwa akipita kila siku kuhimiza vyombo safi. Tabia akaona hakuna chombo kisafi kuliko hicho.

Zamu ya kwanza ya pipa, watu wawili walilalamika tumbo. Tabia akadhani ni uchafu. Akalisugua pipa kwa mchanga na majivu mpaka mikono ikamuwasha. Zamu ya pili, watu kumi na mmoja walitapika. Wengine walijikunja kwa msokoto wa tumbo, wakapelekwa hospitali.

Kesho yake alikuja Mzee Msabah, mkubwa wa kilabu. Macho yake yalikuwa yamemwingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tabia, mimi pia nimetapika usiku kucha. Watu wanasema umetia kitu."

"Nitie nini, mzee? Wewe umenijua toka nnatambaa!"

"Wanauliza mbona wewe mzima."

 Ni kweli, Tabia alikuwa mzima. Na pombe alikuwa ameionja asubuhi ya zamu, nyumbani, kata nzima.

"Ndiyo nimekuja mwenyewe," alisema Mzee Msabah. "Zamu yako ijayo utakunywa wewe kwanza, mbele ya watu wote. Akiugua mtu mmoja tu, zamu nampa mwengine. Sina la kufanya."

Alipoondoka, Tabia alilia. Alilia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Kisha akafuta uso, akachukua mchanga, akaanza kulisugua pipa.

"Hilo pipa unalisugua au unaligombeza?" iliuliza sauti kutoka upande wa pili wa ua.

Alikuwa Bi Khamisa, jirani yake. Bi Khamisa alitengeneza achari ya ndimu na ya maembe, ikatafutwa mpaka mtaa wa Malindi. Alikuwa mtu wa sala. Pombe hakuigusa wala hakutaka kuisikia, na kila Jumamosi alifunga dirisha lake kwa kishindo ili Tabia ajue.

"Shikamoo, Bi Khamisa. Nnatafuta uchafu unaoumiza watu."

"Marahaba. Nshasikia habari zako. Hebu nifungulie."

Bi Khamisa aliingia, akainama, akachungulia ndani ya pipa. 

"Pipa hili jipya?"

"La juzi tu. Lilipokuja lilikuwa maua matupu."

"Haya, nambie. Huku juu maua yapo. Kuanzia hapa kwenda chini hayapo, pamekuwa peupe na pamefifia. Pombe yako huwa inafika wapi?"

Tabia alipima kwa mkono. 

"Hapo hapo."

"Na maua ya chini yamekwenda wapi?"

"Labda nimeyasugua."

"Ukasugua chini, juu ukaacha?"

"La. Nimesugua kote."

"Basi maua yako yamo matumboni mwa watu," alisema Bi Khamisa.

Wakakaa kwenye mkeka. Bi Khamisa akaeleza taratibu.

"Mwaka alioolewa mdogo wangu, nilitia achari ya ndimu kwenye ndoo mpya ya bati. Nilitaka ipendeze. Wageni wakatapika arusini! Niliona aibu, nusura nihame mji. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, ndiye aliyenifahamisha. Bati ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Maji matupu hayaifanyi kitu. Lakini vitu vikali, kama ndimu, siki au ukwaju, huila ile zinki. Ikishaliwa huingia kwenye chakula. Mwenye kuila hutapika na tumbo humsokota. Akiumwa, aache kile kitu mara moja, apelekwe hospitali."

"Lakini pombe yangu si ndimu."

"Kitu kilichochacha si kikali? Mimi sijaionja, lakini harufu yake naijua. Kila Jumamosi inanitembelea."

Tabia alikumbuka jambo, akasimama ghafla.

"Bi Khamisa! Ile niliyoonja mimi haikutoka kwenye pipa. Pipa lilifika kiasi chake, iliyobaki nikaitia kwenye kimtungi cha mama. Kimea kimoja, maji mamoja, siku moja. Mimi sikuugua!"

"Umeona? Umekuwa ukisugua, na kila ukisugua unazidi kuilegeza zinki."

Tabia alishika kichwa. Bidii yake yote ilikuwa imewaongezea watu ugonjwa! 

"Niazime mtungi wako mmoja, Bi Khamisa."

"Hapo sikubali, mwanangu. Vyombo vyangu haviingii pombe. Kama ingekuwa juu yangu, usingeipika kabisa. Lakini watu kuumizwa siwezi kukunyamazia. Mtungi katafute wako."

Tabia hakukasirika. Kesho yake alfajiri alitoka kwa miguu kwenda shamba kwa mwanamke mfinyanzi. Mfinyanzi alikuwa na vyungu na vijungu, mitungi mikubwa hana.

"Rudi mwezi ujao," alisema yule mama.

"Mwezi ujao sina zamu tena. Nipe kazi, nikusaidie."

Akabaki kule siku nane. Akachimba udongo, akaukanda, akakusanya makumbi ya nazi na kuni za kuchomea. Mtungi ulikauka, ukachomwa, ukatoka mzima. Tabia akarudi nao mjini kwa gari la ng'ombe, ameupakata njia nzima. Nyumbani akachemshia uji ndani yake ili vitundu vizibe. Akauosha kwa maji ya moto. Ndipo akapika.

Jumamosi ya zamu yake ikafika. Kilabu kilijaa watu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Tabia alikuja na mtungi, na pipa pia akaja nalo. Akalilaza pipa ubavu, mdomo ukiwaelekea.

"Tazameni ndani," alisema.  "Maua yaliyokosekana humu mmeyanywa nyinyi. Kosa ni langu. Sikukusudia, lakini ni langu."

Akawaeleza yote aliyoambiwa. Kisha akateka kata moja kutoka chini kabisa ya mtungi, akanywa mpaka mwisho. Akavuta kigoda, akakaa mbele yao.

"Sasa ningojeeni."

Wakangoja. Wengine walitania, wengine walimkazia macho kama daktari. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Tabia alikuwa akipiga miayo tu. Mzee Msabah akainuka, akachukua kata.

"Nipe. Nikitapika tena, nitatapikia mlangoni kwako."

Watu wakacheka, na mikono ikaanza kunyooshwa.

Siku ile hakuugua mtu. Zamu ikabaki kwa Tabia. Mmoja wa wapishi wenzake, ambaye naye alishanunua pipa kama lile lakini hajalitumia bado, aliliondoa kimya kimya, akatafuta mtungi. Pipa la Tabia likawa la maji ya kufulia.

Jumapili asubuhi Bi Khamisa aliita kutoka upande wa pili wa ua.

"Tabia!"

"Naam!"

"Watu wako wameamka salama?"

"Wameamka salama wote, Bi Khamisa. Mungu akuweke."

"Alhamdulillahi." Akashika dirisha lake. "Basi ufunike huo mtungi, harufu inanijia!"

Na dirisha likafungwa kwa kishindo.